Ziwa Victoria halipanuki. Uvuvi wake utakuaje kila mwaka?

Mleta mada
Wakuu, kila bajeti ikisomwa tunaambiwa uchumi umekua, na mwakani lazima ukue zaidi. Naomba tubanane kwenye sehemu moja tu: Ziwa Victoria. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na tunaligawana nchi tatu. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, hadi mamia ya aina zao zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, fedha za kigeni zikaingia. Kwenye pato la taifa, sangara aliyevuliwa ni mapato. Pengo aliloacha majini halitolewi popote. Tukilikomba ziwa lote mwaka mmoja, kwa hesabu hiyo mwaka huo ndio utakaosifiwa bungeni.

Herman Daly, mchumi aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, alishikilia kwamba uchumi umo ndani ya mazingira, kwa hiyo hauwezi kukua ukayapita. Namuunga mkono. Tuweke ukomo wa tani na mitumbwi kwanza, mengine baadaye. Nani anapinga?

Kijana wa Nyegezi
Napinga. Huyo mzee alikuwa anawaambia Wamarekani walioshiba. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mwananchi anauziwa mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kutolewa, halafu wa kufunga mkanda awe huyohuyo mla mapanki? Tena kukua si lazima kuwe tani. Siku hizi kilo ya bondo, yaani kile kifuko cha hewa cha sangara, inaizidi bei kilo ya minofu kwa mbali. Samaki yuleyule, thamani imepanda. Ukomo uko wapi hapo?

Mchuuzi wa mwaloni
Mdogo wangu, hapo kwenye bondo umejifunga mwenyewe. Bondo zito linatoka kwa sangara mkubwa, na jike mkubwa ndiye mwenye mayai mengi. Bei ilipopanda watu hawakuridhika na wachache wenye thamani, waliwafuata hao wazazi. Wengine wakabaki na makokoro, nyavu za kukokota, wanazoa hata wasiofika sentimita 50. Ukomo unaouogopa, ziwa limeshauweka bila kutuuliza.

Mleta mada
Hilo la mapanki nalikubali, ukomo uanzie viwandani. Ila "thamani bila tani" naisikia kila siku na bado sijaonyeshwa soko lililofanya hivyo lenyewe, bila sheria kulishika mkono.

Jirani wa Homa Bay
Huku kwetu jibu limekuwa vizimba vya sato. Nasi tulidhani tumelikwepa ziwa. Lakini chakula chao mara nyingi kina unga wa dagaa, na dagaa anatoka wapi? Mwaka 2022 oksijeni ilipungua majini, samaki wa vizimba wakafa kwa wingi. Watu walikuwa na mikopo.

Kijana wa Nyegezi
Haya, tuseme ukomo uwepo. Leseni zikiwa chache atazipata nani, mwenye mtumbwi mmoja Ukerewe au tajiri mwenye msururu wa boti? Msiniambie BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, zitagawa kwa haki.

Mchuuzi wa mwaloni
Zitagawaje, wakati nusu ya wajumbe wanavulia mashine na nyavu za mkopo wa huyo tajiri? Mleta mada, hapo ndipo tunapokusubiri.