Wajukuu wa Bibi (Kuze, Mombasa na Ughaibuni)

*Ijumaa, 15 Machi 2024*

Zuu: Asalaam aleikum jamaa. Nimerudi kambini kutoka lile zoezi la jeshi huku Norway, simu nimerudishiwa leo. Mzima, vidole vyote 20 viko.

Mjomba Salim: Waaleikum salaam! Kila usiku nakutafuta kwenye habari. Wanajeshi zaidi ya 20,000, nchi 13, na mtoto wa Kuze humo ndani!

Zuu: Hungeniona mjomba, tumevaa nyeupe juu mpaka chini 😂

Khala Mwanaisha: Mlikuwa wapi hasa? Tuma lokesheni.

Zuu: Hiyo ndiyo marufuku ya kwanza khala. Kaskazini ya Norway, basi.

Khala Mwanaisha: Haya afande.

Mjomba Salim: Na Sweden yaingia NATO tarehe 7, zoezi liko katikati! Mlisherehekea?

Zuu: Tarehe 7 nilikuwa na sepetu nachimba theluji tupige hema. Sherehe waliifanya wenye tai.

Rukia: Bibi keshafuturu, yuko hapa. Auliza, hemani mwalala na wanaume?

Zuu: Bibi, sheria ya huku tangu 2015 ni moja, msichana na mvulana wote waitwa jeshini. Hema letu watu wanane. Kila mtu kwenye begi lake la kulalia, zipu mpaka puani, na ndani ya begi mna soksi mbichi, ili zikauke kwa joto la mwili.

Rukia: Asema hajauliza soksi.

Zuu: 😂😂 Mwambie usiku kucha lazima mmoja awe macho alinde jiko. Likizima mwaganda, likilipuka hema laungua. Zamu yangu ilikuwa saa tisa usiku. Nilikaa kama yeye na sufuria ya mbaazi, macho hayabanduki.

Rukia: Acheka sasa.

Mjomba Salim: Na ile klipu ya shimo la barafu ni wewe kweli?

Zuu: Ile ni ya Januari, kabla ya zoezi. Watumbukia ziwani, wataja jina na namba yako, ndipo wajivuta juu kwa fimbo za ski, zile za kutelezea thelujini. Pumzi yakatika! Jina langu mwenyewe lilinitoka vipande vipande. Ukishatoka wagaagaa kwenye theluji kavu, yanyonya maji nguoni.

Mjomba Salim: Kujifuta maji kwa theluji. Makubwa!

Khala Mwanaisha: Na leso nilizokupa wajitanda?

Zuu: Khala usinune. Leso ni pamba, na pamba ikilowa jasho haikauki, baridi yakumaliza. Ndani twavaa sufu tupu. Leso moja nimeifanya foronya.

Khala Mwanaisha: Leso ya Idi, foronya 🙄

Rukia: Bibi auliza saumu.

Zuu: Siku za zoezi sikufunga, nitalipa. Leo nimefunga. Mwezi huu mchana wa huku na wa Mombasa wakaribiana, ila weupe wa alfajiri waanza mapema mno.

Mjomba Salim: Na udhu porini?

Zuu: Chupa yakaa kichwa chini. Maji huanza kugandia juu, kwa hivyo mdomo hauzibi. Hayo hayo kidogo kidogo.

Rukia: Bibi asema ukija likizo umletee hiyo sufu ya magotini. Kiyoyozi cha kwa Mjomba Salim chamuua.

Mjomba Salim: Nimeweka 24 wallahi!