Naomba ushauri: nabuni programu ya kuripoti skuta za umeme zilizoegeshwa hovyo

Njia_Wazi: Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza programu ya simu kwa ajili ya skuta za umeme za kukodi (zile ndogo za kusimama juu yake) zinazotelekezwa popote: katikati ya njia ya waenda kwa miguu, milangoni, kwenye miteremko ya viti vya magurudumu. Jambo hili linaniuma. Paris walipiga kura Aprili 2023, na karibu asilimia 89 ya waliojitokeza (walikuwa wachache, chini ya asilimia 8 ya wapiga kura) wakazikataa. Septemba hazikuwepo tena. Uegeshaji mbovu ulikuwa kati ya malalamiko makubwa, na mimi naamini huu ni usafiri mzuri usiostahili kufia hapo.

Mpango wangu ni huu: mpita njia anapiga picha, simu inachukua mahali kwa GPS, ripoti inakwenda kwa kampuni. Nimekwama kwenye mambo mawili. Nitajuaje ni skuta ipi hasa? Na je, niwape pointi za zawadi wanaoripoti?

Fundi_Kodi: Mkuu, usiitegemee GPS peke yake. Penye majengo marefu mawimbi hudunda ukutani, na kosa la mita kadhaa linatosha kuihamishia skuta ng'ambo ya barabara. Soma msimbo wa QR ulio kwenye usukani, na ukiwa umebanduliwa, mtu aandike namba ya skuta. Kampuni nyingi pia hutoa data ya wazi kwa mfumo wa GBFS (muundo wa pamoja wa data za baiskeli na skuta za kukodi), inayoonyesha skuta zisizo na mtu ziko wapi. Itakusaidia kupunguza zinazoshukiwa. Ila utambulisho wa skuta kwenye data hiyo hubadilishwa baada ya kila safari kulinda faragha ya waendeshaji, kwa hiyo usijaribu kuifuatilia skuta moja siku nzima.

Fimbo_Nyeupe: Mimi sioni, na naomba mnisikilize kabla hamjafika mbali na hiyo QR. Skuta ikilala chini, fimbo yangu hugusa gurudumu la nyuma. Najua kuna kitu, nakizunguka, halafu mguu unanasa kwenye usukani uliochomoza upande wa pili. Ikiwa imesimama ni afadhali kidogo, lakini fimbo inaweza kupita pembeni ya gurudumu na mpini ukanipiga tumboni. Sasa niiname nipapase msimbo, kisha niulenge kwa kamera? Nipe kitufe kimoja kikubwa ambacho kisoma skrini kinakitamka vizuri, nitume mahali na maneno machache ya sauti. Skuta ipi, kampuni itafute yenyewe. Vifaa ni vyao.

Mkusanyaji: Nimefanya kazi ya kuzikusanya. Pointi usiweke kabisa, ndugu yangu. Watu wataziangusha skuta wenyewe ili wapige picha.

Halafu usimhukumu aliyeikodi mwisho. Skuta huangushwa na upepo, na gari linalorudi nyuma, na mtu aliyeipiga teke tu. Kampuni nyingi humtaka mwendeshaji apige picha anapomaliza safari, na skuta nyingi zina kihisi kinachojua kama zimelala. Picha ikionyesha ilisimama vizuri, huyo asitozwe faini. Jambo jingine: tenganisha "imeziba njia" na "haijakaa sawa". Tulikuwa tunapewa zote kwenye foleni moja, tunanyoosha zilizopinda kidogo huku nyingine imelala mbele ya mlango.

Njia_Wazi: Shukrani sana. Pointi nimezifuta. Skrini ya kwanza itakuwa na kitufe kimoja, "Njia imezibwa". Picha na QR ni hiari, vinakuja baadaye kwa anayeweza. Nyuso za watu pichani nitazifunika kabla picha haijatoka kwenye simu. Limebaki moja: ripoti ifungwe na nani? Nilifikiria kampuni.

Fimbo_Nyeupe: Hapana. Kampuni iseme imeondoa, kisha mimi niliyeripoti niulizwe. Nisipojibu ndani ya muda fulani, ifungwe.

Mkusanyaji: Naunga mkono, na anayeondoa naye apige picha ya mahali palipo wazi. Tulizoea kuisogeza hatua mbili tu na kuandika "tayari".