Tupeane uzoefu: mkono kupooza baada ya kuanguka na pikipiki

Majengo, Goma
Ndugu, motari (waendesha pikipiki) wanaanguka kila siku juu ya mawe ya volkano. Mfupa unaweza kuwa mzima, lakini mkono unabaki unaning'inia. Wenye kuijua kazi hii, mutupe maelekezo kamili.

Kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), Himbi
Bega linasukumwa chini, kichwa kinavutwa upande wa pili. Mizizi 5 ya mishipa ya fahamu inayotoka shingoni, inayoitwa C5 (ya juu) hadi T1 (ya chini), inavutika, inakatika ao inang'oka kwenye uti wa mgongo. Iliyovutika tu mara nyingi inarudi yenyewe. Iliyong'oka hairudi, hata mukande mwaka mzima.

Bega halinyanyuki, kiwiko hakikunji, lakini vidole vinafunga? Hapo imeumia mizizi ya juu, C5 na C6. Vidole vimelegea, kope ya upande ule imeshuka na mboni imekuwa ndogo? Mzizi wa chini huenda umeng'oka. Siku ya kwanza shikeni mapigo ya kifundo cha mkono: yakikosekana na mkono ni baridi, mshipa wa damu umeumia. Hospitali saa ileile.

Muuguzi, Katindo
Watu wanapoteza mkono kwa kungoja. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inaota milimita 1 hivi kwa siku, na msuli usiopata neva unakauka. Ukipita mwaka na nusu, neva ikifika haikuti kitu. Kipimo cha umeme wa misuli kifanywe wiki ya 3 ao ya 4, mapema zaidi kinadanganya. Miezi 3 ikiisha bila hata msuli kushtuka, mpelekeni kwa mpasuaji wa neva, afanyiwe upasuaji kabla ya miezi 6 kuisha tangu ajali. Neva iliyokatika inaungwa kwa kipande kinachotolewa nyuma ya mguu. Iliyong'oka, wanaazima nyuzi za neva nzima: mpasuaji Mfaransa Oberlin alionyesha mwaka 1994 namna ya kuchukua nyuzi chache za neva ya alna (inayoshuka upande wa kidole kidogo) na kuzipeleka kwenye bisepsi, msuli wa mbele juu ya kiwiko, kiwiko kikunje tena.

Maumivu ya kuchoma kama umeme hayasikii parasetamoli. Muombeni docta amitriptilini ya usiku ao gabapentini. Zinaleta usingizi, kwa hiyo asiendeshe.

Kine, Himbi
Wakati wa kungoja, viungo visikauke. Mkono mzima ushike kifundo cha ule mgonjwa: bega, kiwiko, kifundo, vidole, mara 10 kila kimoja, mara 3 kwa siku. Kiwiko kikigusa mbavu, zungusheni mkono kwenda nje. Zoezi hilo ndilo linaloachwa, na bega linaganda. Musimwinue kwa kumvuta mkono, bega litachomoka. Kitenge cha kufungia kibebe kiwiko na kifundo pia, fundo lisikae juu ya mfupa wa shingo.

Muuguzi wa Katindo tena
Maji ya moto ya kukanda, hapana kabisa. Ngozi haisikii: vidole vinaungua pembeni ya mbabula na mwenyewe anajua akinusa. Kila jioni muangalie kati ya vidole na chini ya kiwiko, kwenye mwanga.