Samaki wamekufa baada ya nyumba kupigwa dawa ya mende, ingawa tangi lilifunikwa

Mkaazi wa Tudor
Assalaam aleikum. Nina tangi la kioo la lita 80 lenye magapi (visamaki vya mapambo, guppy) na samaki wa dhahabu. Alhamisi iliyopita mwenye nyumba alileta wapiga dawa ya mende, nami nikalifunika tangi kwa nailoni na taulo kabla ya kutoka na familia. Tuliporudi jioni magapi wote walikuwa wamekufa, na samaki wa dhahabu watatu waliosalia wanaogelea kiubavu na kujigonga kwenye kioo. Sumu ilipitia wapi, na hawa nitawaokoaje?

Bi Kisauni
Waaleikum salaam. Pole sana, ndugu yangu. Je, pampu ya hewa uliizima? Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini, kwa hivyo ikiachwa ikifanya kazi nje ya kifuniko, nailoni haisaidii kitu. Dawa nyingi za mende na za mbu, hata zile za kuchoma usiku, zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo mwili wa binadamu huzivunja upesi ilhali wa samaki hauwezi kwa kasi hiyo. Kiasi kidogo mno huvuruga neva zao, na ndiyo maana unawaona wakilala ubavu. Badilisha nusu ya maji leo, kisha utie kwenye chujio mkaa mpya wa kuchujia (si makaa ya jikoni, tafadhali), kwa kuwa hunasa kemikali za namna hii.

Fundi wa Likoni
Nakubaliana na Bi Kisauni, lakini hayo maji mapya nayo yatazamwe. Ya mfereji yana klorini, na wako wanaoongeza dawa nyingine kwenye tangi la juu ya paa, hasa wakinunua maji ya boza (lori la maji). Yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini, ambayo kwa kawaida ni thaiosalfeti ya sodiamu. Na ndoo isiwe ya kufulia wala ya kupigia deki, kwa sababu mabaki ya sabuni huondoa ute unaomkinga samaki na kuyaharibu mashavu anayopumulia.

Mkaazi wa Tudor
Shukran. Pampu haikuzimwa, tena ilikuwa sakafuni nyuma ya kabati, pale pale walipopuliza. Ndoo nayo, naona haya kusema, ni ya deki. Nimenunua nyingine na kuiandika kwa wino, nikabadilisha maji. Samaki mmoja ameanza kukaa sawa. Lakini nyumbani hupulizwa dawa ya mbu kila Magharibi. Nifanyeje?

Bi Kisauni
Hamishia pampu chumba kisichopulizwa, uvute mpira mrefu hadi kwenye tangi, na uiweke juu kuliko usawa wa maji, ili umeme ukipotea maji yasirudi nyuma. Sebuleni tumieni chandarua au nyavu za madirishani.