Gari la baga kijijini kwetu Iowa: nile nini jamani?

MtotoWaNgamiani

Habari za saa hizi wakubwa. Mimi mtu wa Tanga, nina miezi saba huku Iowa, na siyo Des Moines, ni kijijini hasa. Ukifungua mlango ni mahindi, soya, mahindi tena, halafu maghala ya nafaka marefu kama minara. Napakia mayai kiwandani, zamu ya alfajiri. Mgahawa wa hapa ulifungwa kabla sijafika.

Ila kila Alhamisi, saa tano asubuhi, gari la chakula linaegesha chini ya yale maghala. Mama mmoja wa Kizungu na mwanawe. Foleni ni wakulima na kofia zao za kampuni za mbegu, mafundi wa mitambo ya upepo, na sisi wa mayai. Siku ya kwanza nikasoma ubao: baga, mkate wa jibini, BLT, "loose meat", "tenderloin". Sasa mimi niliwahi kufanya kazi jikoni hotelini, tenderloin naijua, ni fileti ya ng'ombe, ile laini. Dola 11. Nikasema leo najipongeza.

Kikaja kitu, jamani! Nyama imepondwa mpaka ikawa pana kama chapati, imepakwa chenga za mkate kama katlesi, ikazamishwa kwenye mafuta. Skonsi imekaa juu yake kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Ndani achari ya tango, haradali na kitunguu kibichi. Nikala kingo kwanza, nikazunguka yote ndipo nikaufikia mkate. Tamu! Alhamisi iliyofuata nikarudi. Na ya tatu.

Juzi mwenzangu Mmexico ananiuliza, "Kwani wewe si Mwislamu?" Nikamjibu alhamdulillahi. "Sasa mbona kila wiki unakula nguruwe?"

Wallahi miguu iliniisha nguvu. Alhamisi tatu nakula kitimoto! Na mama yangu akipiga simu kuuliza unakula nini huko mwanangu, namwambia fileti.

Naomba mnisaidie. Kwenye ubao ule kipi nile? Hiyo "ham" ya kwenye hambaga nayo ni yaleyale? Na yule mama nimuulizeje asidhani nasema chakula chake kichafu?

BiMkubwa_CR

Pole mwanangu, na unisamehe, nimecheka mpaka chai imepoa. Aliyekula bila kujua hana lawama, usijichape.

Niko Cedar Rapids mwaka wa 14 sasa. Iowa inaongoza Marekani yote kwa nguruwe, na kwa mayai hayo unayopakia. Nguruwe wamewazidi watu mara saba hivi. Kwa hiyo mtu wa hapa akiandika "tenderloin" kwenye mkate haoni haja ya kutaja mnyama, kama kwenu Tanga muuza chai asivyoandika kwamba ina sukari. Hata Indiana ni hivyohivyo. Tena Indiana ndio wanaodai wameianzisha: wanamtaja Nick Freienstein wa mji wa Huntington, aliyeanza na mkokoteni kabla ya kufungua mgahawa mwaka 1908. Ni ndugu wa ile nyama ya kupondwa ya Wajerumani na Waaustria.

Hambaga haina nguruwe, jina limetoka mji wa Hamburg. Hiyo "loose meat" nayo ni ng'ombe wa kusaga, haibanwi kuwa duara, inamwagwa tu ndani ya skonsi. Mchinja nyama Fred Angell wa Muscatine, hapahapa Iowa, aliifanya maarufu kuanzia 1926. Ukiila utaona ni nyama ya sambusa iliyokosa manda.

Tatizo ni chuma cha kukaangia. Baga, mkate wa jibini, na bekoni ya BLT (ule mkate wa bekoni, letusi na nyanya; bekoni ni nguruwe), vyote vinapita chuma kimoja na mwiko mmoja. Hilo ndilo la kuuliza. Na kama huli ila iliyochinjwa kwa kisomo, basi baga yenyewe imekutoka. Hapo muulize shekhe wako, mimi nisikuamulie.

Usione aibu kuuliza. Hapa mjini kuna msikiti wa mbao wa mwaka 1934, wa zamani kuliko yote iliyojengwa mahsusi kuwa misikiti na bado imesimama Marekani. Waarabu wa Lebanoni na Syria walikuwa wakichuuza bidhaa kwenye mashamba hayohayo. Unadhani wao hawakukaribishwa nguruwe?

Papa_Uvira

Ndugu yangu, usilie. Mimi niko natumika ku kiwanda ya nguruwe huku Waterloo, naona ile nyama kila siku. Ni mgongo ya nguruwe, wanakata, wanapiga na nyundo. Sema tu uko na alejia. Wazungu wanaogopa alejia kuliko polisi.

BiMkubwa_CR

Papa, usimfundishe mtoto uongo. Siku akionekana anakula peremende za jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, ataeleza nini?

Dereva_I40

Niongeze moja tu, mimi ni Mkenya wa malori. Ukiulizwa baga iive kiasi gani, usijifanye mjuaji ukasema nusunusu. Steki ina vijidudu juu tu, moto unaviua. Nyama ikisagwa, vya juu vinaingia ndani, kwa hiyo katikati lazima ifike selsiasi 71. Mwaka 1993 baga ambazo hazikuiva ziliua watoto wanne nchi hii. Halafu ukipata safari ya Oklahoma simama El Reno. Pale kitunguu kinakandamizwa ndani ya nyama kwenye chuma, kwa sababu enzi za dhiki nyama ilikuwa ghali na kitunguu bei ya chini. Nimezunguka majimbo 31 na bado naiota ile baga.

MtotoWaNgamiani

Nimerudi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Alejia sikuisema, Papa. Nilisubiri foleni iishe nikamwambia mimi Mwislamu, nguruwe sili, na sikujua. Yule mama akaweka mkono mdomoni: "Lakini umekula mara tatu!" Kumbe ananihesabu. Akaomba radhi mpaka nikaanza kumbembeleza mimi. Chuma alikiri ni kimoja, mafuta ya bekoni yako kila mahali. Akainama akatoa kikaango kidogo, kipya kabisa, akanikaangia mayai mawili na kitunguu na jibini, akabana na slesi mbili. Nikichungulia trei ya mayai, ina muhuri wa kiwanda chetu. Yaani nimepakia mwenyewe, nimelipia dola 6 kuyala.

Mwanawe akachukua chaki akaongeza "nguruwe" chini ya "tenderloin". Mzee mmoja wa kofia ya mbegu akasogea ubaoni, akasoma, akasoma tena, akamuuliza kijana: "Kwani kuna nyingine?"

Mama yangu sijamwambia.