Mrejesho: anwani za wateja sasa zinasomeka

Wadau, niliwauliza jinsi ya kunyoosha anwani za wateja wa duka letu la vipuri hapa Nairobi, maana kila mtu aliandika anavyojua: "P.O Box", "S.L.P", "Box". Mlionielekeza kwa libpostal, programu ya kuchanganua anwani, asanteni sana. Ni ya bure, na imefunzwa kwa data ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia.

Namba kama 1234-00200 nilizikata kwanza kwa kanuni yangu fupi: sanduku safu moja, msimbo wa posta safu nyingine. Kilichonitoa jasho hasa ni sifuri. Excel ikiona 00100, msimbo wa GPO (posta kuu ya Nairobi), inaidhania namba ya kawaida, unabaki na 100. Ifanyeni safu hiyo iwe ya maandishi mnapoingiza faili, si baadaye. Zikishapotea, itabidi uzirudishe kwa kujaza sifuri hadi tarakimu tano.

Halafu kuna "Kayole, nyuma ya kanisa, geti ya bluu". Hapo hakuna namba ya nyumba wala jina la barabara, programu itachanganua nini? Maelezo hayo nimeyaacha yalivyo kwenye safu yake, kando ya namba ya simu. Mtu wa boda atapiga tu, hata ukimwandikia nini.