Tupeane uzoefu: mtoto wako wa darasa la tano, sita, saba analala saa ngapi?

Mama Chanika
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina kijana wa miaka 11, yuko darasa la sita. Tunakaa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, shule iko Upanga, karibu na katikati ya jiji. Gari la shule linapita kituoni kwetu saa 11 kasoro alfajiri, kwa hiyo saa 10 na nusu namwamsha. Akirudi ni saa 12 na nusu jioni, foleni ikikaza inafika saa 1. Anaoga, anakula, homuweki, akija kupanda kitandani ni saa 4.

Wiki iliyopita mwalimu wa darasa alinitumia ujumbe kwamba mtoto anasinzia kipindi cha hisabati, siku tatu mfululizo. Niligomba sana siku hiyo. Usiku nikakaa nikahesabu kwa vidole: masaa sita na nusu. Mimi mwenyewe mtu mzima nikilala hivyo mwezi mzima naumwa kichwa. Iliniuma kwamba niligomba kabla ya kuhesabu. Kwenu mmepangaje? Na mnawezaje kuusimamia huo muda?

Baba Mabinti
Mama pole. Sisi tupo Mbagala, tumepanga chumba na sebule, mabinti wawili (miaka 10 na 12) wanatandika godoro sebuleni. Sheria ilikuwa saa 3 wawe wamelala. Wanajifunika vizuri kabisa, ila TV iko hapohapo, mama yao anaangalia tamthilia, mimi nasubiri mpira. Mtoto amelazwa, lakini hajalala. Mkubwa alikuwa anaweza kukuhadithia tamthilia nzima akiwa amefumba macho.

Tulichofanya: taarifa ya habari ya saa 2 ikiisha, TV inazimwa, taa ya sebule inazimwa, sisi wazazi tunahamia chumbani na tunaongea taratibu. Mechi za Ulaya zinaanza saa 4 au saa 5 usiku, hizo naenda kibanda umiza. Mke wangu ndiye aliyepata shida kuliko watoto, siku nne za mwanzo alinuna. Sasa hivi anasema na yeye analala vizuri. Kwa nyumba zetu hizi, huwezi kumpangia mtoto saa ya kulala bila kuipangia nyumba nzima.

Umm Temeke
Wangu wa miaka 12 anasoma shule ya serikali hapa jirani, anatembea kwa miguu. Madrasa ni baada ya Maghrib, wanaachiwa baada ya Isha, akila na kutulia inafika saa 3 na nusu. Alfajiri lazima aamke kuswali. Usiku siwezi kuurefusha, kwa hiyo nilirefusha mchana: akitoka shule anakula, anajilaza hadi saa 10 alasiri, hapo namwamsha hata kama anakoroma. Akipitiliza, usiku anabaki anahesabu mabati. Ramadhani mpangilio wote unabadilika kwa sababu ya daku, wala sipambani nao.

Mwalimu wa Msingi
Nafundisha darasa la sita na la saba, Kinondoni. Mama Chanika, umefanya jambo jema kuhesabu, wazazi wengi hatuwapati hata kwa simu. Madaktari wa usingizi wa Marekani (American Academy of Sleep Medicine) walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate masaa 9 hadi 12 katika kila saa 24, na wa miaka 13 hadi 18 apate 8 hadi 10. Kwa hiyo msianze na saa ya kulala. Anzeni na saa ya kuamka, mrudi nyuma.

Nawaomba pia mwelewe jambo moja kuhusu hawa wa miaka 11, 12, 13. Mwili ukianza kubalehe, saa ya ndani ya mwili inasogea mbele. Melatonini, ile homoni inayoleta usingizi, inachelewa kutoka, na mwanga wa simu usoni unaichelewesha zaidi. Mtoto anayekuambia saa 3 "mama, sina usingizi" mara nyingi anasema kweli. Fimbo haileti usingizi. Taa hafifu, kuoga na simu kuwekwa mbali vinasaidia.

Darasani nawaona: mapumziko ya kwanza yakiisha, kichwa kinalala juu ya dawati. Wengine wameamka usiku ili wawahi shule. Huyo mtoto anaandikwa mzito wa kuelewa, kumbe hajalala.

Dada wa Tabata
Simu ya mwanangu nilikuwa nailaza chumbani kwangu, najiona nimemaliza. Saa 6 usiku naenda chooni naona mwanga ndani ya chandarua. Alikuwa anaazima ya dada wa kazi. Sasa simu zote za nyumba, ikiwemo yangu, zinachajiwa kabatini kuanzia saa 3.

Kaka Mkubwa
Joto msilisahau. Januari hadi Machi, luku ikiisha feni ikazima, hata umwekee sheria gani hatalala. Kwangu units zinanunuliwa kabla ya jioni, na anaoga maji ya baridi mara ya pili saa 2.

Na wikiendi: tulikuwa tunamwachia Ijumaa na Jumamosi hadi saa 6, Jumatatu ikawa vita. Sasa tofauti ni saa moja tu.

Mama Chanika
Nimesoma yote, asanteni mno. Mwalimu, nimehesabu kurudi nyuma kama ulivyosema: ili apate masaa 9 inabidi alale saa 1 na nusu usiku. Saa hizo kuna siku ndiyo kwanza anavua viatu. Kwa hiyo tatizo si mtoto wala si TV, ni umbali niliomchagulia mimi.

Nimeongea na mwalimu wake, homuweki kubwa atapewa Ijumaa. Chakula nakipika mchana, akiingia anakuta tayari. Jana saa 2 na dakika 20 alikuwa amelala, na leo asubuhi aliamka kabla sijamwita mara ya pili. Ni masaa 8 tu, bado hayatoshi.

Mimi na baba yake tumeanza kutafuta shule ya huku huku. Aliyewahi kumhamisha mtoto akiwa darasa la sita aniambie utaratibu wa uhamisho ulikuwaje, na kama ni bora nisubiri Januari.